Chupa ya Ishirini na Nne

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima pumzi ya udongo. Akiulizwa kwenye foleni ya zahanati anafanya nini, alijibu kwamba yuko ofisini tu, kwa sababu jibu la kweli liliwafanya watu wasogee kidogo. Kituo cha utafiti wa nafaka kilimpa kitambulisho chenye jina lake kamili, na hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Alikuwa Mama Chupa. Hata barua ya kumpandisha cheo, iliyokuja ikachelewa kisha ikapotea, ilisemekana iliandikwa hivyo.

Wakulima wa mahindi, ngano na mtama walileta udongo wao kwenye mifuko ya nailoni, wameufunga fundo kama mtu anayepeleka zawadi. Yeye aliuchekecha, akaulowesha kidogo, na mwenzake, Mzee wa Mizani, akampimia gramu hamsini hamsini. Kila fungu liliingia kwenye chupa yake ya mdomo mpana pamoja na kikombe kidogo cha maji ya kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Kisha chupa ilizibwa kwa siku saba.

Kinachotokea humo ndani si siri. Udongo mzima umejaa viumbe wasioonekana, bakteria na kuvu, ambao wanakula mabua yaliyooza, wanaiachia mizizi ya mahindi chakula, na wanapumua kama sisi. Hewa wanayoitoa inanaswa na kostiki. Siku ya nane Mama Chupa aliitia kostiki dawa ya rangi, ikawa ya waridi, akaidondoshea asidi tone kwa tone mpaka waridi lipotee. Kostiki iliyonasa pumzi nyingi ilihitaji asidi kidogo. Kostiki iliyokaa na udongo uliokufa ilikuwa bado kali kama siku ya kwanza, na ilikunywa asidi bila haya.

Chupa zilikuwa ishirini na nne, na ya mwisho haikuwa na udongo. Ilikuwa na kikombe cha kostiki peke yake. Chochote itakachonasa hiyo kimetoka kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo kinapunguzwa kwenye hesabu ya nyingine zote. Vitabu vinataka chupa tupu tatu. Mbili zilivunjika, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado safarini kati ya ofisi mbili zinazotazamana. Hiyo iliyobaki waliiita Shahidi. Hakuona kitu, hakujua kitu, na kila wiki neno lake liliaminiwa kuliko la wote.

Siku ya kuziba ilikuwa Ijumaa. Saa nne asubuhi, miaka yote, simu ya Mama Chupa ilikuwa ikiita naye anaiweka kwenye spika, kwenye rafu ya mbali, mikono yake ikiwa kazini. Alikuwa mama yake, mkulima wa mahindi aliyekuwa akiacha mabua yake shambani mpaka yaoze, huku majirani wakimwambia shamba lake linafanana na kitanda kisichotandikwa.

"Leo umeziba ngapi?" mama aliuliza.

"Kumi na mbili."

"Yanapumua?"

"Mama, ndiyo nayaziba. Majibu wiki ijayo."

"Mimi langu najua linapumua. Nalisikia miguuni."

Mzee wa Mizani alisema mara nyingi kwamba kituo kingempa yule mama ajira na kuuza mizani.

Kisha mama akafariki, na Ijumaa iliyofuata saa nne ikafika bila mlio. Mama Chupa alikuwa ameshaziba ishirini na tatu, zile za udongo, ambazo lazima zizibwe upesi. Shahidi hana haraka. Aliinama juu yake akiwa na mfuniko mkononi na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ishirini na tatu. Bado moja." Baadaye hakuona ajabu. Watu huongea na redio, na gari lililokataa kuwaka. Wengine huongea na serikali. Ijumaa iliyofuata alisema zaidi kidogo. Alikuwa anainama karibu, maana si mambo ya kusikiwa na Mzee wa Mizani, halafu anaziba.

Hiyo ndiyo desturi aliyojiwekea kwa miaka mitatu.

Katika miaka hiyo mitatu udongo wa eneo zima ulianza kufa. Namba zilishuka shamba kwa shamba. Wiki nyingine chupa kadhaa zilitoa pumzi iliyo chini ya sifuri, yaani, kwa hesabu, udongo ulikuwa ukivuta hewa ndani na kukaa nayo. Mkuu wa kituo, mtu mpole aliyevaa koti jeupe siku za wageni tu, alielekeza ziandikwe sifuri, ili kuepusha maswali. Hakuna aliyeshangaa. Kila semina ilikuwa imeshasema kwamba udongo unakufa kwa kuchomwa moto, kulimwa kupita kiasi na kulishwa mbolea ya chumvichumvi bila samadi. Chupa za Mama Chupa zilikuwa zimekubaliana na semina. Mkuu alichora ramani, mashamba yaliyokufa akayatia rangi ya kijivu, na ramani ilipokamilika ilikuwa kama picha ya wingu. Wakulima walipewa karatasi yenye muhuri na ushauri wa kuacha mabua na kutia samadi, ambao ungewafaa hata kama wasingeambiwa kwamba wanalima makaburini.

Ila watu wana namna zao za kupokea habari ya msiba. Kuna waliosimama ukingoni mwa mashamba yao jioni wakiyatazama, kisha wakaondoka bila kukanyaga. Mmoja alirudisha karatasi kituoni na kuuliza, kwa adabu, kama kuna dawa ya kuzuia udongo wake usiwaambukize majirani.

Mdogo wake Mama Chupa, aliyebaki na shamba la mama, naye alileta udongo. Mifuko minne, fundo mbilimbili. Miezi miwili baadaye alipiga simu kusema kwamba amekubaliana na wafyatua tofali. Udongo wa chini ulikuwa mfinyanzi mzuri. Wangeondoa ule wa juu, wachimbe kina cha mtu na nusu. Wangeanza Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

"La mama?" dada yake aliuliza.

"Si mliniandikia limekufa? Sasa nifanye nini, nilikeshee?"

Namba ilikuwa ya mkono wa Mama Chupa mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya Jumatatu hiyo mafua yalimkamata Mama Chupa na kuondoka na sauti yake. Alikuja kazini hivyo hivyo, shingo imezungushiwa mtandio.

"Leo kituo kimepata amani," alisema Mzee wa Mizani. "Tuandikie, ukitaka chai."

Kwa kuogopa kukohoa juu ya udongo wa watu, aliuvuta mtandio hadi puani, akaziba chupa zote ishirini na nne namna hiyo. Kwa Shahidi alisimama kidogo. Hakukuwa na sauti ya kutumia. Aliziba.

Siku ya nane alidondosha asidi. Shahidi alikunywa tone baada ya tone na waridi likakataa kuondoka; mara ya mwisho alipokunywa kiasi kile, mama yake Mama Chupa alikuwa hai. Alipiga hesabu na kurudia. Udongo wote ishirini na tatu ulikuwa mzima.

Mzee wa Mizani alisoma karatasi juu ya bega lake. "Umebadilisha kostiki?"

Alitikisa kichwa.

"Asidi?"

Akatikisa tena.

"Basi wamefufuka. Tumwite mchungaji au mkaguzi?"

Mama Chupa alikuwa ameshavuta daftari. Alilifungua kwenye safu ya Shahidi na kushuka nayo kwa kidole, wiki hadi wiki. Zamani namba ya asidi ilikuwa ile ile, tisa nukta sita, tisa nukta sita, inachosha kuisoma. Kisha, kuanzia Ijumaa moja anayoijua, ilianza kuyumba. Nane. Nane na nusu. Saba. Alisimamisha kidole kwenye saba: wiki ambayo binti yake alirudi kutoka kwa mumewe na sanduku moja. Kwenye tisa kasoro kidogo: wiki ambayo alikuwa amemkasirikia marehemu kwa jambo la miaka arobaini na saba iliyopita, akamsalimia tu na kuziba. Pumzi ya mtu mmoja, aliyeinama karibu akieleza mambo yake, ina hewa ya kutosha kuzidi bakteria wa kiganja kizima cha shamba. Hilo analijua kila fundi maabara. Alikuwa amewafundisha wengine.

Chupa tupu ilikuwa imesikia kila kitu, na ilikuwa imeandika.

Kidole kikaendelea hadi wiki ya mifuko minne. Sita nukta mbili, ya chini kuliko zote. Alikumbuka. Siku hiyo alikuwa na mengi. Alimwambia mama kwamba mdogo wake ameleta udongo wa shamba, kwamba una harufu nzuri, kwamba atampa majibu wiki ijayo. Akamweleza mwanzo hadi mwisho, kisha akaziba. Sasa aliondoa sita nukta mbili, akaweka tisa nukta sita, na akapiga upya. Shamba la mama lilikuwa la kwanza kati ya yote ya wiki ile. Darasa zima lilikuwa limepewa sifuri, nalo pamoja.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wachimbaji walikuwa wanaanza Jumatatu.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa sauti ile ya kukwaruza lilichukua muda.

"Kwa hiyo miaka mitatu tumekuwa tukipima..."

"Mimi. Mlikuwa mnanipima mimi."

Mkuu alitazama ramani ukutani. "Imeshachapishwa," alisema. "Imetundikwa hadi wizarani, kwenye ngazi."

"Najua."

"Hili linahitaji kamati."

"Kamati itakaa lini?"

"Mwezi ujao, watu wakipatikana."

"Nataka karatasi moja tu, ya shamba moja, yenye muhuri, leo."

"Siwezi kufufua shamba moja na kuacha mengine. Watauliza." Alisema kwa huzuni ya kweli, ndiyo iliyokuwa shida yake, alikuwa mtu wa huzuni za kweli.

"Basi nipe chupa tatu."

"Chupa ni mali ya kituo." Aligeuza kiti chake kikatazama dirisha. "Sijakuona ukizibeba."

Jumamosi alishuka kwenye gari la asubuhi, kikapu kimefungwa kwa mtandio. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, kama lilivyokuwa siku zote, isipokuwa sasa lilikuwa na vigingi na kamba, na kwenye kona moja shimo la majaribio, limechimbwa mraba safi. Udongo mweusi wa juu ulikuwa umerundikwa pembeni kama takataka. Alikuwa amezoea udongo ndani ya chupa. Huku nje ulikuwa mwingi, na ulikuwa kimya, na alijua kwa namba kwamba ukimya ule ulikuwa na watu ndani.

Alimkuta mdogo wake sebuleni na wifi yake, aliyekuwa akikunja nguo.

"Shikamoo dada. Umekuja kuliaga shamba?"

"Marahaba. Nimekuja kukwambia ile karatasi ni ya uongo."

"Ina muhuri."

"Muhuri ni wa kweli. Namba ndiyo ya uongo."

"Nani aliikosea?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unatupimia chumvi ya ugali kwa kijiko cha dawa ya kikohozi?" Alimgeukia mkewe. "Ugali hauwekwi chumvi, na alikuwa anaipima."

Akamweleza. Wifi aliacha shati moja likining'inia mikononi, mkono mmoja umekunjwa.

"Ngoja nielewe," alisema mdogo mtu. "Ulikuwa unaongea na mama. Kwenye chupa."

"Ndiyo."

"Miaka mitatu."

"Ijumaa tu."

Hakucheka, ingawa ilikuwa wazi kwamba siku nyingine angecheka mpaka akae chini. "Dada, usinitafutie pa kujificha. Najua nilichofanya."

"Umefanya nini?"

"Nilichoma mabua. Mwaka ule ule. Alitukataza maisha yake yote, na hajamaliza mwaka kaburini nikawasha kiberiti. Shamba likakaa safi kama sebule hii. Usiku... hata mchana, nilikuwa nalipita naona kama limenigeuzia mgongo. Msimu ule mahindi yakatoka manjano. Karatasi yako ilipofika nikasema, naam. Ndiyo hiyo. Nimemuulia shamba lake."

"Moto mmoja hauui shamba. Unajeruhi juu, chini wanabaki, wanarudi. Na mvua msimu ule ilinyesha mara mbili tu."

"Karatasi ilisema limekufa."

Hapo ndipo Mama Chupa alipoona namba yake ilifanya nini ilipotoka maabara. Alikuwa amemhukumu ndugu yake kwa mauaji, kwa ushahidi wa chupa tupu, na yeye alikuwa amekubali kosa na kuanza kuzika.

Hakubishana naye tena. Aliingia shambani na kijiko, akachota sehemu nne, akachanganya na kulowesha. Aliweka chupa tatu mezani, kila moja na kikombe cha kostiki hafifu aliyokwisha kuitia rangi, vikombe vitatu vya waridi moja. Ya kwanza aliitia udongo. Ya pili aliiziba tupu, mtandio mdomoni, na wote watatu wakashika pumzi bila kuambiwa.

"Hii ya tatu ni yako," alisema. "Inama, sema, kisha ziba haraka."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Niseme na nani?"

Alimshika wifi yake mkono wakatoka kwenda kuangalia nguo zilizoanikwa, ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kupitia dirishani waliona mgongo wake. Aliinama juu ya meza kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Ilichukua muda.

"Anasoma maelekezo?" wifi aliuliza.

"Hayana maelekezo."

Waliporudi ndani, chupa ilikuwa imezibwa, na mdogo wake alikuwa ameketi mbali nayo, mikono magotini, macho mekundu kama mtu aliyekata vitunguu kwenye nyumba isiyo na vitunguu. Hakuulizwa.

Kabla ya chakula cha jioni kikombe cha tatu kilikuwa kimeshapoteza rangi, cheupe kama maji. Mdogo mtu alikitazama, akasimama, akazima redio iliyokuwa haimsumbui mtu.

Jumapili hakwenda popote. Alikuwa akipita karibu na meza, anainama, anaondoka. Chupa ya udongo ilifanya kazi yake taratibu. Asubuhi waridi lilikuwa limefifia. Mchana lilikuwa kama kucha. Alasiri halikuwepo. Ile ya katikati, tupu, iliyozibwa kimya, ilibaki na waridi lake lote, kali, bila doa, na kati ya zile tatu ndiyo pekee ambayo mtu asingependa kuitazama sana.

"Kwa hiyo linapumua," alisema.

"Linapumua."

"Hata baada ya moto."

"Hata baada ya moto."

Alinyoosha kidole kwenye kikombe cha tatu, bila kukigusa. "Na hii inaonyesha nilisema nini?"

"Inaonyesha ulisema. Basi."

Aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayekubaliana na msemaji wa mbali.

Jumatatu asubuhi msimamizi wa tofali alifika na watu wanne, na majembe. Mama Chupa alikuwa dirishani akifuta chupa. Mdogo wake alitoka, akaanza kung'oa vigingi kabla ya kumsalimu mtu.

"Lakini bwana, karatasi ulituonyesha wewe mwenyewe," msimamizi alisema. "Shamba limekufa, na ina muhuri."

"Ilikosewa."

"Na nani?"

Alitazama upande wa nyumba. "Na familia," akasema, akaendelea na kigingi kingine. Kisha akachukua jembe la mmoja wao, kwa ruhusa, na kuanza kuurudisha udongo mweusi kwenye lile shimo la kona.

Kamati imeshakaa mara mbili. Ramani bado iko kwenye ngazi ya wizara, kijivu, na watu wanaopanda hushusha sauti bila kujua kwa nini. Kituoni chupa mbili mpya zimepatikana, moja ikiwa na ufa. Kabla ya hapo Mama Chupa aliziba Shahidi akiwa na mtandio puani, wiki tano mfululizo, na mara zote tano namba ilikuwa tisa nukta sita. Aliiandika bila kuinua macho. Mzee wa Mizani, ambaye tangu siku ile hakuwa amefanya mzaha hata mmoja kuhusu jambo hilo, kitu kilichomtia wasiwasi kila mtu, alikuwa akitoka nje kuvuta hewa ukifika wakati wa chupa ya mwisho.

Ijumaa ya sita, chupa mpya zikiwa bado hazijafika, saa nne, simu iliita kwenye rafu ya mbali. Alikuwa na mfuniko mkononi. Iliita tena, na ya tatu, kabla hajauweka mfuniko chini na kwenda dirishani, hatua sita kutoka mezani, akapokea.

Mwanzoni kulikuwa na upepo tu, na mtu anayekanyaga mabua makavu.

"Dada," alisema mdogo wake. Alikohoa kidogo, kama anayevaa nguo isiyo yake. "Leo umeziba ngapi?"

Aligeukia kioo ili asitazame nyuma, kwenye chupa.

"Ishirini na tatu," alisema. "Bado moja."